Kambare wa Shangazi Kabula

Kuna siku moja haijanitoka akilini, mwanangu. Kila nikiikumbuka nacheka kwanza, kisha naona haya.

Ilikuwa miaka kumi hivi baada ya soko kufunguliwa, wanunuzi binafsi wakigombania pamba yetu pale Dutwa, na kila aliyerudi nyumbani alirudi na kitu cha kuringia. Wenzangu walileta redio. Mimi niliyekuwa nikisoma ng'ambo nilileta maneno. Kazi yangu kule ilikuwa kulisha samaki wadogo wenye mistari kama pundamilia, kwenye maabara ya saratani, lakini ungenisikia ungedhani maabara ni yangu.

"Tunachukua saratani ya mtu," nikawaambia watu uani kwa shangazi Kabula, dada wa baba, ndiye aliyenilea. "Tunaiotesha kwenye kisahani, kisha tunaiingiza kwa samaki. Samaki mchanga mwili wake unauona mpaka ndani. Tunampa dawa, tunaangalia kama uvimbe utanywea."

Shangazi akaitikia kwa kichwa. "Nimeelewa. Ni kama kuku wa mganga. Ugonjwa unamtoka mtu, unahamia kwake."

Debe tupu haliachi kuvuma. Badala ya kusema sivyo, nilicheka nikamjibu, "Karibu hivyo hivyo, shangazi." Watu walikuwa wananisikiliza, na sikutaka kuanza upya.

Wiki mbili baadaye nilimkuta asubuhi ameinamia beseni, titi lake la kushoto karibu liguse maji. Ndani alikuwamo kambare mkubwa wa lamboni, anamtazama.

"Samaki wako huyu ana kasoro," akanilalamikia. "Nampa pumba, nampa ugali, uvimbe hauchukui. Ananenepa tu."

Kicheko kilinipanda, kikakwama. Uvimbe gani? Ndipo akafungua pindo la kanga, akanionyesha barua ya kumpeleka hospitali kubwa Mwanza. Safari alikuwa ameiahirisha kwa ajili ya maneno yangu. Niliogopa, mwanangu. Nikamweleza kwamba saratani haimhami mtu. Tunachukua kipande tu cha kujaribia dawa, na mwenyewe anabaki na yake.

"Na huyo mliyemchukulia, alipona?"

"Sijui, shangazi. Mimi nalisha samaki tu."

"Ng'wanawane, mwanangu, umejua samaki anakula nini, mtu hukumuuliza amefikia wapi."

Mchana ule alimpika kambare. Alisema kala ugali wake bure, na yeye aliwe. Kesho yake tukapanda basi la Mwanza, mimi nimebeba mfuko wake. Walimkata titi, akaishi hadi kuwapakata wanangu wote.

Basi, mwanangu, mtu akikuelewa vibaya msahihishe hapo hapo, hata kama watu wanakupigia makofi, maana hujui nani kati yao ameficha uvimbe. Nawe ukiuona wako, wahi hospitali. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kusema "sijui", na kila mgonjwa utakayempeleka akujalie urudi naye nyumbani, akiwa na hamu ya kambare mwingine.