Tulifundishwa Kujiuza

Nilikuwa mwaka wa pili wa stashahada ya maendeleo ya jamii, katika chuo kimoja pale Nachingwea, mkuu wa chuo alipotutangazia kwamba wiki ile hakutakuwa na vipindi vya kawaida. Alikuwa anakuja mwezeshaji kutoka Dar es Salaam kutuandaa kwa ajira. Tulikuwa tunakaribia kwenda fildi, yale mafunzo ya vitendo nje ya chuo, na kulikuwa na maneno kwamba shirika moja la kilimo lenye ofisi Ruangwa lingechukua wanafunzi wachache, na atakayefanya vizuri lingebaki naye. Kwa sisi ambao kaka na dada zetu walimaliza vyuo wakarudi nyumbani kupalilia mikorosho, habari hiyo ilitosha kutuwahisha ukumbini kabla viti havijapangwa.

Mwezeshaji alikuwa kijana mchangamfu, aliyetuzidi umri kidogo tu. Alitufundisha kuandika wasifu, kuingia chumba cha usaili, kukaa, na kumtazama msaili machoni. Hili la machoni lilitushinda wengi. Mimi nimekulia Mkotokuyana, na kwetu mtoto akimkazia macho mtu mzima huulizwa kama anatafuta ugomvi.

"Anayekuhoji si baba yako," alisema yule kijana. "Ni mnunuzi. Wewe una bidhaa, na bidhaa yenyewe ni wewe. Usipojua kujiuza, atanunuliwa aliyekaa pembeni yako."

Tukaandika wote: kujiuza.

Jioni mama alinipigia simu. Nyumbani tunaongea Kimwera. Kiswahili cha mama ni cha sokoni na cha zahanati. Lakini nilikuwa bwenini, katikati ya wenzangu, wengi wao watoto wa walimu na watumishi waliohamishiwa kwetu kutoka mikoa mingine, nikaona nimjibu kwa Kiswahili.

"Leo mmesoma nini?" aliuliza.

"Tumefundishwa kujiuza, mama."

"Kufanya nini?"

"Kujiuza. Kuna mwalimu ametoka Dar. Kesho tunaendelea kwa vitendo."

Simu ikakatika. Nikadhani ni mtandao.

Asubuhi niliitwa ofisini kwa mkuu wa chuo. Nilimkuta mama amekaa ukingoni mwa kiti, kanga ameikaza kifuani, na pembeni yake mjomba, kaka yake mkubwa. Kwetu jambo zito la mtoto wa dada haliendi bila mjomba, kwa hiyo nilipomwona tu nikajua kuna jambo. Nilimsalimu. Aliitikia marahaba bila kunitazama.

Mkuu wa chuo, mama mmoja mwenyeji wa Mbeya, alikuwa bado hajaelewa wageni wamefuata nini. Mjomba akavua kofia yake akaishika mkononi.

"Mwalimu," alisema taratibu, "sisi tulimleta mtoto hapa asome. Kama hapa kuna kazi nyingine mnawafundisha, mtuambie. Tutarudi naye shamba."

"Kazi gani tena, mzee?"

Mjomba alimtazama mama. Mama akatazama sakafu. Mimi ndiye niliyeelewa wa kwanza, na uso wote ukaniwaka. "Madam," nilisema, "ni lile neno la jana. La mwezeshaji."

Mkuu wa chuo aliweka mkono mdomoni. Naamini alitaka kucheka, lakini alimwona mama alivyokaa, akajizuia, akatuma mwezeshaji aitwe. Yule kijana aliposimuliwa uchangamfu wote ulimtoka. Alichutama mbele ya mjomba kama kijana wa kwetu anavyofanya.

"Mzee wangu, nisamehe. Lile ni neno tu la mjini."

"Hata mjini nimefika," mjomba alijibu. "Neno ni hilohilo."

"Ni kweli. Nilitaka kusema kujieleza. Aseme anaweza nini, ili apewe kazi."

"Aseme mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Mjomba hakuridhika. "Na watu wanaomjua wako wapi? Sisi tukitaka kumjua mtu, tunauliza majirani zake. Mtu akijisifu mwenyewe, tunajua hana wa kumsifu."

Sikuwahi kusahau jinsi yule kijana alivyomjibu, kwa sababu hakubisha wala hakujifanya amekubali. "Mzee, huko anakokwenda hana jirani. Wale watu hawamjui, na hawatakuja Mkotokuyana kuuliza. Hakuna wa kuwaambia ila yeye."

Mama alimnong'oneza mjomba kwa Kimwera. Mjomba akasema, "Anauliza kama tunaweza kukaa tusikilize."

Wakakaa viti vya nyuma kabisa ukumbini. Siku hiyo ilikuwa ya mazoezi: mtu anaitwa mbele, anakaa kwenye kiti, mwezeshaji anamhoji, wengine tunatazama. Rafiki yangu wa bwenini, binti wa mwalimu, alijibu bila kukwama hata mara moja. Mimi ni mchapakazi, mimi ni mbunifu, nina uwezo wa kuongoza. Nami nilikuwa nimeyakariri maneno hayohayo. Lakini nilipokaa kwenye kile kiti na kuuona ushungi wa mama kule nyuma, nilishindwa. Ningesemaje mimi ni mchapakazi mbele ya mtu aliyeamka kabla yangu kila siku ya maisha yangu? Nilisema jina langu, nikasema nimetoka wapi, nikanyamaza. Mwezeshaji akanisubiri, kisha akasema ahsante.

Niliwasindikiza mpaka getini nikiwa nimejiandaa kusikia kwamba nilifanya vyema kutojisifu. Mama akasema, "Mbona hukusema? Mwenzako yule kasema vizuri."

"Ningesema nini, mama?"

Alifikiri kwa muda mrefu kweli, huku mjomba akiwa tayari juu ya pikipiki. "Ungesema unajua kusoma," alisema mwishoni.

Niliumia, na sikujua nimeumizwa na nini. Si kwamba alinidharau. Alitafuta kwa moyo wote neno la kunisifia, akakuta hajawahi kulihitaji.

Usaili wa Ruangwa ulifanyika siku ya mechi. Mji ulikuwa umejaa tangu asubuhi, vijana wa kutoka Namungo na vijiji vya jirani wakipita na vuvuzela, na mmoja wa wasaili wawili, baba wa makamo, macho yake hayakubanduka dirishani. Aliyehoji hasa alikuwa mwanamke, mtu wa kaskazini kwa lafudhi yake, mwenye sauti ya chini. Alisoma wasifu wangu, akaniambia nijieleze.

"Mimi ni mchapakazi, mbunifu, na nina uwezo wa..."

"Hayo nimeambiwa na wote waliokutangulia," alisema, bila ukali. "Niambie jambo moja lililokwama, ukalikwamua."

Hilo hatukufundishwa. Nilibabaika, kisha nikakumbuka pampu ya kisima cha kitongoji chetu, iliyoharibika nikiwa likizo.

"Pampu iliharibika," nilisema, "akina mama wakarudi kuchota kwenye madimbwi ya mtoni. Tulikwenda ofisi ya kata, wakatuambia tusubiri. Tukasubiri, tukarudi tena. Halafu tukaenda wilayani, idara ya maji, tukakaa pale mpaka tukapewa fundi."

"Nani alikwenda wilayani?"

"Sisi."

"Sisi akina nani?"

"Mimi na shangazi."

"Nani aliongea?"

Shangazi Kiswahili kinampa tabu. Alikaa kwenye benchi siku nzima akiwa ameshika kidumu cha maji ya kunywa, na kumsalimia kila aliyetupita. "Mimi," nilisema.

"Ulipoambiwa usubiri, nani aliamua kurudi?"

"Mimi."

"Basi nisimulie tena. Safari hii sema wewe ulifanya nini."

Nikaanza upya. Nilikwenda kata. Nilirudi. Nilimwambia afisa kwamba sitaondoka. Kila "nili" ilinitoka kwa shida, na nilihisi kama namnyang'anya shangazi kitu chake mchana kweupe. Lakini yalikuwa ya kweli. Kadiri nilivyoendelea nilianza kumwona yule msichana aliyekuwa akiongea na afisa wa maji, na nikashangaa kwamba sikuwahi kumtazama kabla ya siku ile. Hata yule baba wa dirishani alikuwa amenigeukia.

Walinichukua. Rafiki yangu, binti wa mwalimu, hakuchukuliwa. Alipata fildi kwingine, na leo anafanya kazi Lindi mjini, kazi nzuri kuliko yangu. Mimi nilipangiwa Mbwemkuru, kwenye vikundi vya wakulima wa ufuta, na fildi ilipokwisha wakanipa mkataba wa mwaka. Huo ulipoisha wakanipa mwingine. Ajira ya kudumu bado, na kila mkataba mpya una usaili wake. Siku hizi naingia na kusema nimefanya hiki, nimeongoza kile, wala sauti haitetemeki. Kuna wakati najisikia nikisema, na sina hakika kama nampenda huyo anayesema.

Jambo moja sikuligundua mpaka mwaka huu. Ustadi huo wote ninao kwa Kiswahili tu. Binti wa dada yangu anamaliza chuo, akaja kwa bibi yake nimsaidie kujiandaa. Tulikaa barazani mimi na yeye, na mama pembeni anapepeta ufuta. Binti akajibu vizuri, kama tulivyofundishwa sisi: nina uwezo wa kuongoza wenzangu.

"Anasemaje?" mama aliniuliza kwa Kimwera.

Nikafungua mdomo nimtafsirie, nikakwama. Niligeuza hivi na vile, na kila nilivyogeuza ilitoka kama majivuno, au kama maneno ya mlevi. Mwishowe niliyoyasema, kwa lugha yetu, yalikuwa kama hivi: wenzake wakikwama, humwita yeye.

"Ni kweli," mama alisema, akaendelea kupepeta. "Juzi wamempigia simu usiku, walikuwa na shida na mtihani."

Binti alicheka kwa aibu. Nikamwambia akisailiwa aseme hivyohivyo, kwa Kiswahili, na aeleze na hiyo simu. Alinitazama kama mtu asiyeamini kwamba hilo nalo ni jibu. Tukarudia. Mara ya kwanza alisema "walitupigia." Nikamuuliza walimpigia nani.