Pete Iliyotoka Mdomoni mwa Samaki

Pete ya ndoa ya mke wangu ilitoka mdomoni mwa samaki.

Msinicheke. Niliona kwa macho yangu haya haya.

Mimi ni fundi friji. Starehe yangu ni tangi la kioo pale sebuleni, lenye samaki jamaa wa perege, watulivu kama maji mtungini. Hawagombani. Kutwa wanachota mchanga kwa mdomo, wanachuja chembe za chakula, mchanga wenyewe unatokea kwenye matamvua ya mashavuni. Ndiyo maana nimewatandikia mchanga laini; kokoto zingewachubua.

Sasa, pete ilikuwa imepotea. Mke wangu huivua akifua, anaiacha juu ya kabati. Siku hiyo akarudi, hola!

Wa kwanza kumfikiria nani? Shemeji. Kaka yake mke wangu, yuko kwetu anatafuta kazi. Kazi hana, simu mpya anayo. Wewe ungewaza nini?

Tukiwa mezani, nikatupa jiwe gizani. "Humu ndani kuna panya wa miguu miwili."

Shemeji akaweka kijiko chini. "Kama unanisema mimi, nitaje."

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikasema, nikaendelea kula.

Kesho yake akaanza kufunga begi. Mke wangu akanuna, shuka tukagawana kwa mpaka. Mama yangu, tunayeishi naye tangu baba afariki, alikaa kwenye kiti chake akinitazama tu.

Basi asubuhi nawapa samaki chakula, dume mmoja mkubwa akachota mchanga, akahangaika, akatema.

Pete!

Nikamwita mke wangu mbio. Nilidhani atanikumbatia. Wapi!

"Tangi hili," akauliza taratibu, "nani analigusa zaidi yako?"

"Una maana gani?"

"Umeificha mwenyewe ili ndugu yangu afukuzwe."

Kibao kikanigeukia hivyo hivyo nikiwa na pete mkononi.

Nikakunja mikono ya shati, nikapekua mchanga wote. Nikatoa ufunguo wa akiba wa mlango. Hereni moja. Saa ya marehemu baba. Vingine hata hatukujua vimepotea.

Tukakubaliana kutega, huenda kuna mtu wa nje anayeingia tukiwa hatupo. Tukaaga kwa sauti kwamba tunatoka wote, tukazungukia mlango wa nyuma, tukajibanza jikoni. Mimi, mke wangu na shemeji, kila mmoja anamwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni.

Mlango wa chumba ukalia.

Akatoka mama. Ananyata! Mkononi ana mkufu wake. Akainua mfuniko wa tangi, akapandisha mkono wa gauni, akauzika mkufu mchangani huku samaki wakimpisha.

Nikajitokeza. "Mama, unafanya nini?"

Hakushtuka. Akanivuta karibu, akaninong'oneza.

"Polepole. Atakusikia."

"Nani?"

"Mwizi. Huyo mwanaume anayelala chumba cha mwanangu. Anakuja jioni, anajifanya ananijua. Mpaka mama ananiita!"

Nikautazama mlango wa chumba changu.

"Wewe fundi wa samaki nakuamini," akasema, akinipigapiga mkono. "Mwanangu akirudi, mwonyeshe nilipomwekea vitu vyake."

Nyuma yangu nikasikia mke wangu analia. Shemeji ndiye aliyekuja akamshika mama, akamrudisha kitini kwa upole.

Daktari alisema ni maradhi ya kusahau. Hayaponi, ila mgonjwa huangaliwa. Nilimwomba shemeji radhi mbele ya dada yake. Akafungua begi, na hadi leo, mimi nikiwa kazini, yeye ndiye anayekaa na mama.

Jioni nikirudi sisemi "mama" kwanza. Napita moja kwa moja kwenye tangi, nawalisha samaki, ananiona, anatabasamu. Ndipo tunaongea.

Ndugu yangu, kitu kikipotea nyumbani kwako, kabla hujauliza nani mwizi, uliza nani anaogopa. Mimi nilikuwa nachunguza mabegi ya watu, kumbe mama alikuwa ameacha kuniita mwanangu muda mrefu, na sikusikia.