Mwambieni Kabla ya Kumgusa

Katika soko la asubuhi la mji ule mdogo wa kusini mwa Taiwan, tofu ya Hsiu-luan ilikuwa laini kuliko ya wengine wote, na matusi aliyoyafunga pamoja nayo yalitolewa bure.

"Usiiminye hivyo! Hiyo ni tofu, si shavu la mumeo!"

"Shangazi, leo umeamka vibaya?"

"Sijalala, nitaamkaje? Chukua, lipa, ondoka, wenzako wanangoja."

Mwanawe Yao-wen, aliyekuwa akipeleka mitungi ya gesi majumbani kwa pikipiki, alipita pale kila asubuhi kunywa maziwa ya soya. Mama yake akimtukana mteja, kijana humfuata mteja kwa nyuma na kumtilia kipande cha ziada kikapuni. "Mama hana ubaya," humnong'oneza, "ana kelele tu." Hsiu-luan aliyaona hayo yote. Alijifanya haoni, kisha akakasirika upya kwa ajili ya tofu iliyokwenda bure.

Hakuzaliwa na hasira ile. Aliipata hospitalini, mwaka aliofiwa na mumewe Chin-shui, wakati watoto wawili bado wapo shule ya msingi. Madaktari walimponda mgonjwa kifua, wakamtia mipira kooni, na alipokata roho dada yake, wifi wa Hsiu-luan, akamwangukia kifuani na kumtikisa huku akipiga mayowe. Chin-shui akazikwa meno yameumana na uso umepinda. Hsiu-luan ndiye aliyemwosha, na uso ule haukumtoka tena.

Baadaye Juzhen, mtawa wa kike wa hekalu lililo nyuma ya soko, alimweleza jambo alilolielewa mara moja. Mtu akikata pumzi, fahamu yake haiondoki papo hapo. Inahitaji muda wa saa nane, pengine zaidi. Katika muda huo ukimgusa ataumia kama kobe anayebanduliwa gamba lake. Maumivu huleta hasira, na hasira ya saa ile humburuta mtu akazaliwe upya mahali pabaya. Kwa hiyo asiguswe, asililiwe, na watu wasigombane mbele yake. Aimbiwe tu jina la Buddha Amituofo, alifuate mpaka Nchi Safi ya magharibi, paradiso ya Buddha huyo.

"Kumbe mume wangu walimkasirisha," alisema Hsiu-luan, na siku hiyohiyo akajiunga na kikundi cha waimbaji.

Kikundi hicho huitwa kwenye kila nyumba yenye mtu anayekufa. Huja na majoho meusi na kengele ndogo za mkono, wakaimba kwa zamu. Hsiu-luan akawa mlinzi wa mlango. Alimfukuza mzishi aliyeleta jeneza mapema mno. Alimfukuza mjomba aliyeanza habari za urithi. Hata Lo, kiongozi wa kikundi chenyewe, alipofiwa na baba yake, Hsiu-luan alimtoa nje dada yake Lo aliyetaka kumbusu mzee kwenye paji la uso. "Machozi yako yapeleke jikoni!" alimwambia. Na ikilazimu kabisa maiti asogezwe, alijua inavyofanywa. Unainama sikioni, unamwita kwa jina, unamwambia: "Mzee, sasa tunakugeuza ubavu. Usikasirike." Ukishamwambia, ndipo unamgusa.

Basi siku lori la mananasi lilipomgonga Yao-wen njia panda, na kofia yake ngumu ikapasuka kama kifuu, Hsiu-luan alifika hospitali ya mjini akiwa bado amevaa aproni. Alimkuta mwanawe amelala katika chumba cha mahututi, mashine ikimpulizia pumzi, kifua kikipanda na kushuka vizuri kabisa.

Kesho yake daktari wa wodi aliwaita yeye na binti yake, Shu-fen. Akasema ubongo wa Yao-wen umekufa. Wamempima, wamerudia kumpima, na hakuna kitakachorudi. Kisha muuguzi Peng, msimamizi wa mambo ya viungo vya mwili wanavyopewa wagonjwa wengine, akaongeza kwa sauti ya chini kwamba marehemu aliwahi kukubali kuvitoa viungo vyake, na kwamba hospitali haitafanya lolote bila mama.

"Nani alimdanganya?" akauliza Hsiu-luan.

"Hakuna aliyemdanganya," akajibu Shu-fen. "Nilikuwa naye siku aliyosaini. Nikamuuliza, umemwambia mama? Akacheka. Akasema atakuambia siku utakayokuwa na furaha."

Hsiu-luan akamgeukia daktari. "Umesema amekufa. Mbona ana joto?"

"Ni mashine, mama. Mashine ikizimwa, moyo nao utasimama."

"Kama yu hai, mnataka kumchinja. Kama amekufa, mnamgusagusa tangu jana, mnamgeuza, mnamtoboa sindano. Chagua moja, daktari. Nimekaa, nangoja."

Daktari hakuchagua. Alisema samahani, akaondoka, kama wanavyoondoka siku zote.

Hsiu-luan akarudi kitandani. Katika kikundi chao, saa nane zikiisha, wajuzi hutafuta mahali joto lilipobaki mwilini. Likibaki utosini, mtu amefika Nchi Safi. Likibaki moyoni, atarudi kuwa binadamu. Likibaki nyayoni, watu huinamisha vichwa wasiseme. Yeye alikuwa akikataza hata kutafuta huko, lakini mwanawe walishamgusa wote, basi naye akanyoosha mkono. Utosi wa moto. Kifua cha moto. Nyayo, zile nyayo pana za kupandisha mitungi ghorofani, za moto pia. Yao-wen hakusomeka. Mashine ilikuwa imezifuta dalili zote, na Hsiu-luan akatamani kuipiga teke.

Akampigia simu Lo.

"Kaka Lo, leta watu. Ni Yao-wen."

"Nimesikia, dada Luan. Tunakuja. Azimiwe mashine, alale saa nane bila kuguswa, tutamwimbia wote."

"Kuna habari ya viungo. Alikubali mwenyewe."

"Hapo hapana. Moyo wakishautaka, hawangoji saa nane, hawangoji hata dakika nane. Tumwimbie mtu huku anabanduliwa gamba? Atakasirika, na sisi tutakuwa tumesimama hapo na kengele zetu kama wapambe wa bucha."

"Baba yako nilimwimbia mpaka nikapasuka sauti!"

"Na dada yangu ukamtoa nje kama mbwa, kwa sababu ya chozi moja. Sikukulaumu, dada. Ulikuwa na haki. Leo ninayo mimi."

Hsiu-luan akakata simu na kumtukana Lo, ukoo wake, na duka lake la dawa ambalo siku zote lilinuka kafuri. Aliyekuwa mbele yake kuyasikia matusi hayo ni mtawa Juzhen tu, aliyekuja kwa basi na mfuko wa mapera.

"Wewe sasa niambie," Hsiu-luan akamkabili. "Yu hai au amekufa? Wakimkata, atakwenda wapi?"

Mtawa alimenya pera taratibu. "Watawa wenyewe hatukubaliani, Luan. Mwalimu wangu alifundisha kwamba palipo na joto, fahamu ipo, na mtu huyo usimwite maiti. Wengine wanasema aliyejitoa kwa moyo mweupe hata kisu hakimkasirishi. Kwake ni kama kuvua koti ampe mwenye baridi. Na kutoa mwili wako, wanasema, hakuna sadaka iliyo juu yake."

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi bado sijafa."

"Basi faida yako nini?"

"Ndogo sana," mtawa akakiri, akamkatia kipande cha pera. Hsiu-luan alikitupa kwenye pipa la taka.

Shu-fen ndiye aliyesema. Alikuwa mhasibu wa kiwanda cha skrubu, mtu wa maneno machache, tena hakuwahi kumpinga mama yake mbele za watu.

"Mama, unaogopa Yao-wen atakasirika. Lini ulimwona amekasirika? Nitajie siku moja tu."

Hsiu-luan akafungua kinywa. Akaitafuta siku hiyo. Baiskeli yake ilipoibwa, Yao-wen alisema pengine mwizi anakaa mbali kuliko yeye. Mchumba wake alipoolewa na mwingine, alikwenda harusini na kubeba viti. Yeye mama alipompiga kofi kwa sababu ya mtungi aliomwachia mjane mmoja bila malipo, kijana alimshika mama yake mkono na kuutazama kama umeumia. Hsiu-luan akatafuta tena, kwa hasira, kama anayepekua droo. Hakuna kitu.

"Hapa mwenye hasira ni mmoja," Shu-fen akaendelea. "Miaka yote unafukuza watu wasilie, wasigombane, wasimkasirishe maiti. Na wewe mwenyewe unasimama pale mlangoni unachemka kama sufuria! Ulimuuliza nani kama hasira hiyo haimfikii? Baba alikufa vibaya, mama. Yao-wen si baba."

Mkono wa Hsiu-luan ulipanda. Mtawa akaacha kutafuna. Mkono ukakaa hewani, ukashuka, ukafungua kamba za aproni, ambayo alikuwa hajaivua tangu jana. Akaikunja. Akasema, "Niitieni huyo mkataji."

Mkataji alikuwa daktari Weng, bingwa wa upasuaji, mwanamume mrefu aliyezoea kusikilizwa. Alikuja na maneno ya shukrani aliyoyatayarisha, na Hsiu-luan hakumwachia nafasi ya kuyatoa.

"Mimi nauza tofu. Kukata mtu sijui. Lakini kumwambia najua, na nyinyi hamjui, kwa hiyo sikiliza. Kila kitu mtakachomtoa, mwambieni kwanza. Kwa jina lake. Kwa sauti. 'Yao-wen, sasa tunachukua ini. Usikasirike.' Ndipo umguse. Si baada. Kabla."

"Mama, nakuheshimu," alisema daktari Weng, "lakini ubongo wake hausikii tena."

"Sikukuuliza yeye anasikia nini. Nakuuliza wewe, una mdomo?"

Muuguzi Peng alikohoa ghafla na kutazama dirisha.

"Ninao," akasema daktari.

"Basi tumeelewana. Ukidharau nitajua. Nimekaa na maiti wengi kuliko wewe."

Waliompeleka Yao-wen walimpitisha kwenye ujia mrefu mchana kweupe, jua la kusini likimwagika sakafuni. Hsiu-luan alitembea pembeni ya kitanda akipiga kengele ya mkono ambayo mtawa alikuja nayo, na wagonjwa waliokuwa wakingoja dawa wakasimama mmoja mmoja. Penye mlango wa chumba cha upasuaji wakamwambia kengele haiingii, ina vijidudu. Akasema vijidudu ni wao. Hata hivyo akasimama. Akainama kwenye sikio la mwanawe, akamwambia wanakokwenda na watakachofanya, bila kuficha, kama anavyoambiwa mtu mzima. Kisha akampa muuguzi Peng kisanduku kidogo cha betri cha waimbaji, kinachoimba chenyewe jina la Amituofo, kimefungwa kwa mfuko wa plastiki wa kufungia tofu. Peng alikipangusa kwa dawa na kuingia nacho.

Mlango ukafungwa. Hsiu-luan akaketi kwenye benchi na kuanza kuimba. Hakuimba kwa upole. Kila jina la Buddha lilimtoka kama kofi: hili la dereva wa lori, hili la daktari wa wodi, hili la Lo, hili la wifi yake, hili la Chin-shui kwa kumwacha. Kando yake Shu-fen akaanza naye kuimba. Hakuwahi kujifunza, na sauti ilimpanda pasipostahili.

"Unaimba kama paka aliyekanyagwa mkia."

"Nifundishe basi."

"Fuata kengele. Ukilia, lia kwa ndani."

Lakini Shu-fen alilia kwa nje, na mama yake, mlinzi wa mlango, hakumtoa. Mtawa Juzhen alijiunga, wakawa watatu, na mapera yakabaki kwenye mfuko.

Daktari Weng alipotoka alikuwa amelowa jasho na hakuonekana mrefu kama mwanzo. Alijaribu tena shukrani zake. Hsiu-luan akamkatiza.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia. Mara ya kwanza niliona haya mbele ya wenzangu. Kwenye moyo sikuona haya. Hata yule wa dawa ya usingizi alimwinamia."

"Kila kimoja? Kabla?"

Angeweza kusema ndiyo. Alimtazama yule mwanamke mfupi mwenye kengele mkononi, akashindwa.

"Figo la kushoto nilisahau. Kazi ilikuwa imekazana. Muuguzi Peng alinikumbusha, lakini lilikuwa limeshatoka. Nikamwambia baadaye."

Uso wa Hsiu-luan ukawa kama jiwe la kusagia soya. Akampita, akaingia chumba walichomlaza Yao-wen, ameoshwa, ameshonwa, amefunikwa shuka mpaka kidevuni. Mashine haikuwapo. Uso wa kijana ulikuwa umetulia, meno hayakuumana, kama amesikia mzaha na bado anaufikiria. Hsiu-luan aliutazama sana uso huo, kuliko alivyowahi kuutazama uso wowote. Hakumgusa. Akainama sikioni.

"Yao-wen. Vingine ulivitoa mwenyewe, na uliambiwa. La kushoto hukuambiwa. Amesahau yule mrefu. Wewe usimkasirikie, mwanangu, nenda zako na Amituofo. Huyo niachie mimi."

Akainuka, akajifunga tena aproni, na kurudi kwenye ujia. Daktari Weng alikuwa ameegemea ukuta, ameshika bilauri ya chai.

"Wewe!" akasema Hsiu-luan. "Weka hiyo chai chini."