Maji ya Mchana

Mwezi wa Ramadhani, pale Majengo, jiko la Hajjati halipoi. Kuanzia adhuhuri ni sambusa na kaimati mpaka magharibi, na mteja anayechelewa anarudi nyumbani na bakuli tupu. Mimi hukunja sambusa. Mdogo wangu nilimwombea kazi ya kukaanga, na Hajjati akamchukua kwa sababu ananijua mimi. Ambalo hakulijua ni kwamba mdogo wangu ana ugonjwa wa akili, na dawa anameza kila siku ya Mungu.

Sikumwambia. Mficha maradhi kifo humuumbua, naijua hiyo, lakini aliyeitunga hakuwahi kumtafutia mdogo wake kazi Nairobi. Kule Industrial Area alikuwa akipakia mabati vizuri tu, mpaka siku walipoona vidonge mfukoni mwake. Kesho yake akaambiwa kazi imeisha. Imeisha wapi, na wenzake wanapakia mpaka leo? Basi nikaapa kwamba hapa hatajua mtu.

Ramadhani nayo haina siri. Daktari alikuwa ameshamkataza kufunga, kwamba dawa ile na kiu haviendi pamoja, ikikosa maji mwilini inageuka sumu. Yeye akafunga! "Dada, wote wamefunga, mimi nitaonekanaje?" Siku chache mbele ya karai la mafuta, mikono ikaanza kumtetemeka, ulimi ukawa mzito. Jamani, niliogopa. Nilimkimbiza kwa daktari, akatufokea sote wawili.

Tukakubaliana kwamba atakunywa maji, lakini chooni, na chupa ataificha ndani ya shati. Tangu hapo sikuwa na amani. Akitoka, vidole vyangu vinasahau kukunja. Akikawia, nautazama mlango wa choo. Akirudi, namtazama mdomo, usije ukawa umelowa. Nilikuwa nimefunga kama wengine, ila si njaa iliyokuwa ikinimaliza.

Siku moja msichana anayetukatia vitunguu akamfuata. Akarudi mbio.

"Hajjati, huyu msee hafungi! Nimemwona na macho yangu akinywa maji chooni!"

Hajjati akafuta mikono, akamwita mdogo wangu. Uongo nilikuwa nao tayari, nimeuweka tangu mwezi ulipoandama: vidonda vya tumbo. Nani Nairobi hana vidonda vya tumbo? Na nani aliwahi kufukuzwa kazi kwa ajili yake?

"Hajjati," nikaanza, "huyu ana vidonda..."

"Si vidonda vya tumbo, Dada," akasema mdogo wangu. "Hajjati, mimi nina ugonjwa wa akili. Natumia dawa. Nisipokunywa maji inanidhuru. Nikinywa, nafanya kazi. Si umeniona?"

Wallahi nilitamani kumziba mdomo kwa kitambaa cha unga. Kuficha kote kule, halafu anajianika mwenyewe mbele ya watu! Nikaanza kuwaza ni nani mwingine nitakayemwendea kumwombea kazi, na nitaanza kusema nini. Sikumpata hata mmoja.

Hajjati akamsogelea.

"Mgonjwa hakulazimishwa kufunga," akasema. "Lakini chooni? Mwanangu, maji unakunywa chooni?"

Mdogo wangu alinitazama mimi. Hajjati naye akageuka kunitazama, na ile sambusa mkononi mwangu ikafunguka, nyama ikamwagika.

"Hiyo chupa iweke hapo mezani," akamwambia mdogo wangu. "Haya, rudi kwenye karai. Kaimati zinaungua."