Turubai la Watu wa Shimoni

Wiki ile ile timu ya mji iliporudi ligi kuu, baada ya miaka mingi ya kugaagaa daraja la pili, ndiyo wiki Patrice alimwacha mkewe. Ghislaine Delplanque alikuwa jikoni anamenya viazi. Patrice akasimama mlangoni na begi mkononi, uso umemjaa furaha ya mpira, akashindwa kuificha.

"Ghislaine, mimi nahama. Naenda kukaa kwa Corinne."

"Corinne yupi?"

"Yule wa kibanda cha chipsi, pale langoni uwanjani."

"Ah," alisema Ghislaine, akaendelea kumenya.

Angelia, au angemrushia kisu, pengine mtaa mzima ungemhurumia. Hakufanya lolote. Alivikaanga viazi vyote, vya watu wawili, akavila peke yake kwa sababu hakulelewa kutupa chakula. Kisha akaosha sahani moja. Mwili mzima ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa vibaya, na alingoja ule mchomo unaokuja damu inaporudi. Haukuja siku hiyo, wala wiki hiyo.

Patrice alichukua nguo zake, mashine ya kunyolea na redio. Turubai aliliacha.

Turubai lile lilikuwa kitambaa kirefu cheusi chenye herufi za kijani: WATU WA SHIMONI. Ndilo jina walilojipa mashabiki wa jukwaa la kaskazini, kwa heshima ya baba zao waliochimba makaa mpaka migodi ikafungwa. Ghislaine ndiye aliyelishona, enzi akiwa binti wa kiwanda cha suruali. Shule aliiacha mapema na mpaka leo kuandika kwake ni kwa kubahatisha, lakini Patrice alimchorea herufi kwa chaki naye akazikata na kuzishona moja moja, kama mtu anayeshona maua.

Mashabiki wa namna hii wana sheria zao, na kila mmoja anazijua. Turubai haliachwi peke yake. Halifuliwi. Halisafiri ndani ya buti la gari. Hubebwa mwilini na mtu. Na likitekwa na mashabiki wa timu nyingine, kundi limekufa. Wenyewe wanakutana, wanajivunja, na ni marufuku kushona lingine. Wanaume ambao humsamehe mwenzao aliyemtelekeza mke hawamsamehe aliyepoteza turubai.

Miaka yote hiyo lililala kwenye kabati la akina Delplanque, katikati ya mashuka. Kwenda ugenini, Ghislaine alijizungushia kiunoni chini ya koti, na ndani ya basi wanaume hawakuchoka kumtania.

"Shemeji, mimba hiyo utajifungua lini?"

"Siku tutakapobeba kombe."

"Basi mtoto atazaliwa na ndevu!"

Yeye na Patrice hawakujaliwa kupata mtoto. Utani ule ulimchoma mwaka wa kwanza tu, baadaye akauzoea, kisha akaupenda. Hakuwa na kingine cha kuitwa chake. Kazi yake ilikuwa kutandika vitanda kwenye nyumba ya wazee, ambako walimwita "wewe". Jukwaani aliitwa shemeji, na turubai lilikuwa kwake.

Mechi ya kwanza ya msimu ilikuwa nyumbani, mwezi wa Agosti. Akaenda, na turubai kiunoni kama kawaida. Patrice alilifunga kwenye uzio bila kumtazama machoni. Timu ikashinda. Watu walikumbatiana, bia ikamwagika vichwani, mzee mmoja akapiga magoti akabusu zege. Ghislaine alipiga makofi. Alitazama yote yale kama anayetazama samaki nyuma ya kioo. Walipokuwa wanatoka, Loïc, kijeba mpiga ngoma wa kundi, alimpigia kelele kutoka ngazi za juu.

"Mama Ghislaine! Umeliona lile goli?"

Mama Ghislaine. Si shemeji tena. Hakuna aliyekaa kikao kuamua hivyo. Lilitoka tu mdomoni mwa Loïc, na kufikia Septemba walikuwa wanaliita wote. Shemeji sasa alikuwa Corinne. Alianza kuja jukwaani na kucha zilizopakwa kijani, akiimba nyimbo ambazo nusu yake hakuijua.

Vuli ikaingia, timu ikawa inashinda na kufungwa, inashinda na kufungwa. Jumapili moja ya Novemba wakakutana kwenye mkahawa wao, ule ulio mkabala na kituo cha treni. Patrice, mkuu wa kundi, aligonga glasi.

"Turubai ni mali ya kundi, si la mtu. Mkuu wa kundi ni mimi. Kwa hiyo likae kwangu."

"Kwako wapi?" aliuliza Ghislaine. "Kwako si ni kwa Corinne?"

"Aa, mama," Loïc akaingilia, "usituletee ya chumbani hapa. Sisi tunaongea mpira."

Wakacheka. Marceau, mzee wa kundi, mmoja wa wale wachache walioingia mgodini kweli, hakucheka. Alikoroga kahawa yake ambayo haikuwa na sukari.

"Wanaokubali?" alisema Patrice.

Wanaume waliokula supu mezani kwake, waliotapika kwenye sinki lake baada ya safari za ugenini, waliokuja kumlilia wake zao walipowafukuza, waliinua mikono, huyu akimtazama yule. Marceau aliinua mwisho, nusu nusu, kama anayejikuna sikio.

Ghislaine alienda nyumbani, akalitoa kabatini, akalileta. Hakugombana na mtu. Corinne alilipokea, akakunja pua.

"Mungu wangu, linanuka!"

"Ndivyo linavyonuka," alisema Ghislaine. "Na halikai kwenye buti."

"Tunajua, tunajua," alisema Patrice.

Akaendelea kwenda mechi za nyumbani. Jumamosi ilikuwa Jumamosi. Alisimama mwisho wa jukwaa, karibu na ngazi, ambako upepo wa Januari unakata masikio. Timu ilikuwa imeanza kuporomoka. Kipa aliumia goti, mshambuliaji akauzwa katikati ya msimu, mipira ikawa inagonga mwamba na kurudi. Ghislaine alihesabu magoli ya kufungwa kama anavyohesabu mashuka ya kufua. Kutoka pale ngazini aliliona turubai kwa ubavu. Patrice alikuwa analifunga ovyo, na kona moja ilipepea mechi nzima kama ulimi. Hakuna aliyeishika. Zamani angeenda kuishika yeye.

Aprili, timu ilikuwa ya tatu kutoka mwisho, na zile mbili za mwisho ndizo zinazoshuka. Jumatatu moja jioni kengele ya mlango ikalia. Alikuwa Patrice, mara yake ya kwanza kufika hapo tangu siku ile ya viazi. Alikuwa amekondeana, ndevu hazijanyolewa.

"Ingia basi, unaingiza baridi."

Akaingia, akaketi kwenye kiti chake cha zamani bila kuuliza.

"Limepotea," alisema.

"Nini?"

"Unajua nini."

Walikuwa wanarudi kutoka mechi ya ugenini, yeye na Corinne, na gari la Corinne. Wakasimama kituo cha mafuta kunywa kahawa. Waliporudi walikuta buti limevunjwa. Vitu vingine vyote vilikuwepo, hata mkoba.

"Buti," alisema Ghislaine.

"Alisema harufu inamletea kichefuchefu."

Ghislaine aliinama akazima jiko chini ya sufuria. "Wamechukua akina nani?"

"Mashabiki wa timu ya bandarini. Nani mwingine? Nimeona basi lao pale. Na siku ya mwisho ya msimu wanakuja kucheza hapa." Akafuta uso kwa viganja vyote viwili. "Wamenyamaza mpaka siku hiyo. Wanataka kulitundika kichwa chini mbele ya mji mzima."

"Umewaambia wenzako?"

"Niwaambie ili iweje? Kundi life? Sikiliza, mke wangu..."

"Mimi si mke wako."

"Sikiliza, Ghislaine. Kitambaa nimenunua, kiko kwenye gari. Ushone lingine. Herufi zile zile. Wakitoa lile waliloiba, tutasema wameghushi, la kweli hili hapa kwenye uzio. Mikono yako ndiyo ile ile, nani atajua?"

"Na mimi napata nini?"

Alikuwa amelingoja swali hilo. "Litakaa hapa. Kabatini, kama zamani. Nitawaambia mwenyewe mbele ya wote. Utasafiri nalo wewe. Corinne hataligusa."

Kitu kilimshtua Ghislaine kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya viazi alijua kwamba kuna jambo analitaka. Si Patrice. Alitaka ule uzito kiunoni, na basi, na wanaume wakimuuliza mtoto atazaliwa lini.

"Kiweke mezani," alisema. "Kisha nenda."

Akashona. Kila alipotoka kazini alivua viatu na kuketi kwenye cherehani. Mikono ilikumbuka: tumbo la ile herufi ya S, pembe za M, mahali uzi unapotaka kupindwa mara mbili. Lilipokamilika alilitandaza sakafuni kutoka jikoni mpaka sebuleni. Lilifanana, ila lilikuwa safi mno, linanuka duka.

Patrice alikuwa ameshamwambia la kufanya, kwa simu. "Limwagie bia. Lipake majivu. Lisugue kwenye saruji."

Jumapili asubuhi alilipeleka ua wa nyuma na ndoo ya majivu. Akapiga magoti, akaanza kusugua. Jirani alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ukuta.

"Ghislaine, unafua kwa majivu siku hizi?"

"Nachafua," alisema Ghislaine.

Jirani akacheka mpaka akaangusha kibanio. Ghislaine alitazama mikono yake, myeusi mpaka kwenye viwiko. Mwanamke mzima amepiga magoti kwenye ua wake siku ya Mungu, anachafua kazi yake mwenyewe ili mwanamume aliyemwacha asipate aibu. Aliyemwacha akaenda kula chipsi. Akasimama. Hakusikia hasira; angependa kusikia hasira. Alilikunja turubai na majivu yake, akanawa, akavaa koti.

Mkahawani wote walikuwepo, wanapanga nyimbo za mechi ya mwisho. Alilitua turubai jipya juu ya meza, glasi zikasogea.

"Patrice ameniomba nishone hili," alisema. "Lile lingine limeibwa. Aliliweka kwenye buti."



"Mwongo!" Patrice aliruka. "Ana wivu, si mnamjua! Mwanamke akiachwa..."

"Basi lete lile," alisema Ghislaine. "Nenda kalilete, mimi nangoja hapa."

Patrice alimtazama Corinne. Corinne alitazama kucha zake. Ndipo wote wakajua.

Alichongoja Ghislaine pale mezani, bila hata kujikiri moyoni, ni kwamba mmoja wao angemgeukia Patrice na kumwambia neno moja tu baya. Loïc ndiye aliyeongea kwanza, na alimgeukia yeye.

"Si ungenyamaza tu? Ungetushonea, ungelitundika, tungeimba. Ungekufa ukinyamaza?"

"Kweli," alisema mwingine. "Tumebakiza mechi moja kuokoa timu, wewe unatuletea hili leo."

"Umetuua, mama."

Marceau alisimama taratibu. Alivua skafu yake ya kijani na nyeusi, akaikunja, akaiweka kaunta.

"Sheria ni sheria," alisema. "Kundi limekwisha leo." Alipopita karibu na Ghislaine alisita, kama anayetaka kusema la ziada. "Umeshona vizuri," alisema, akatoka.

Wakavua skafu na wengine. Loïc alilia waziwazi, kamasi zikimtoka. Patrice alishikwa mabega na wenzake wawili, wakimfariji. Ghislaine aliliacha lile jipya mezani, akatembea kwenda nyumbani katikati ya barabara, kwa sababu Jumapili hakuna magari.

Siku ya mechi ya mwisho alikata tiketi ya jukwaa la pembeni, lile la viti, ambako hakuwahi kuingia maisha yake yote. Aliketi. Miguu haikujua pa kukaa. Mbele yake, jukwaa la kaskazini lilikuwa na watu lakini halikuwa na kundi. Walisimama vipande vipande, bila ngoma, bila wa kuanzisha wimbo. Timu ilihitaji kushinda isishuke. Kabla ya mapumziko ilikuwa imeshafungwa mawili.

Kipindi cha pili kilipoanza, mashabiki wa bandarini walilikunjua. Refu, jeusi, herufi za kijani, kichwa chini miguu juu. Kelele zao zilijaza uwanja. Upande wa kaskazini watu waliziba nyuso. Ghislaine alimwona Loïc ameinama, mikono juu ya kisogo, kama anayekwepa mawe.

Yeye hakuziba uso. Alilitazama turubai kwa makini, herufi kwa herufi, kutoka mwisho kwenda mwanzo, kama anayekagua kazi kabla ya kumkabidhi mteja. Goli la tatu liliingia wakati huo na hakuliona. Timu ilikuwa imeshuka daraja.

Kando yake alikuwa ameketi baba mmoja mwenye miwani, mtu wa mji wa jirani aliyekuja na mkewe kutazama ligi kuu mara moja kabla haijaondoka.

"Samahani, dada," alisema, "lile turubai pale, lililopinduliwa. Ni la nani?"

"Langu."

Yule baba akacheka, akidhani ni utani.

"Nililishona mimi," alisema Ghislaine. "Wamelivuta, wamelikunja wanavyojua wao, wamelitundika kwa miguu. Hebu tazama. Hakuna herufi hata moja iliyofumuka."

Yule baba akatazama, akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, namna mtu anavyomkubalia mwanamke aliyekuja uwanjani peke yake, kisha akageukia mpira.