Babu Yangu na Ndege ya Propela Tano

Chekeni tu, msijizuie, maana hema nzima ilishanicheka na nikabaki hai. Ila hadi leo nikisikia ndege inashuka pale uwanja wa Kamembe masikio yananiwaka moto, na mnajua ninakaa Gihundwe, jirani na uwanja, ndege nazisikia zote.

Yote yalianza siku baba yake Nadine aliponiuliza, "Kwenu ni kwa nani?" Swali la kawaida kwa anayetaka binti wa watu. Mimi kwetu kulikuwa mama peke yake, na mama nilishamzika, akaniachia picha moja ya babu aliyemzaa: amevaa koti la rubani lisilo na kifungo cha pili na kofia yenye masikio, nyuma yake ziwa, na juu ya maji imetua ndege, zile za zamani zenye tumbo la mtumbwi. Mama alikuwa akisema tu, "Huyu ni babu yako, wakati wa vita." Basi nikafungua mdomo: "Babu yangu alikuwa rubani wa vita." Mzee akaniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu.

Laiti ningeishia hapo! Lakini Mzee alitaka kujua babu alirusha wapi, chini ya mkubwa gani, ikabidi nitafute. Mimi fundi wa simu, jioni nikifunga kibanda narudi kwenye chumba ambacho hakuna wa kuniuliza kama nimekula, kwa hiyo muda ninao. Kwenye mtandao nikapata wazee wa Ulaya wanaofuatilia marubani wa ndege hizo, nani alihudumu kikosi kipi, nani alianguka bahari ipi, nikawatumia picha. Mmoja akanijibu kwa Kifaransa cha upole kwamba jina la babu halioni popote, halafu ndege yenyewe ina propela tano, mbili kushoto na tatu kulia, na yeye hajawahi kuona kitu cha namna hiyo. Mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikamjibu kwamba labda ilikuwa ndege ya siri (jamani!). Yule mzee wa Ulaya akaendelea kutafuta, akawa ananiandikia kila jioni, anauliza kama huku mvua imenyesha, kama nimekula, nami nikawa nabuni maswali mapya ili asiache.

Siku ya kuposa ikafika. Kwa kuwa sina ndugu, niliwaomba majirani na mafundi wenzangu wavae makoti wakae upande wangu, msemaji nikamkodi, na picha ya babu nikaikuza ikawa kubwa kama mlango, nikaisimamisha ndani ya hema mbele ya wageni wote. Msemaji akanguruma: "Sisi ni uzao wa rubani!" Watu wakapiga makofi.

Hapo akainuka shangazi yake Nadine, Maman Georgette, aliyekuwa amevuka mpaka kwenye daraja la Rusizi II asubuhi hiyo kutoka Bukavu. Akasogea, akavaa miwani, akashika kiuno.

"Ee Mungu wangu! Hii koti naijua! Hii haiko ndeke, iko rido, kitambaa ya kuchorwa, ya fotografe wa kwetu Bukavu! Bajeune, vijana bote, balikuwa banaendaka kupiga foto pale mbele. Hata papa yetu ana yake!"

Akapiga simu nyumbani, picha ikaja, simu ikapita mkono kwa mkono. Baba yao Mzee na Maman Georgette, muuza samaki, ndani ya koti lilelile lisilo na kifungo cha pili, mbele ya propela zilezile tano.

Wakwe walicheka, hilo sawa. Kilichoniuma ni upande wangu: majirani, mafundi, hadi msemaji niliyemlipa, wote wameshika mbavu. Na kwa nini wasicheke? Haikuwa aibu yao. Mtu mwenye ndugu angeona hata mmoja anainamisha kichwa.

Mzee akanyamazisha watu. "Sasa, kijana, huyu babu yako alifanyaka kazi gani?"

Nilijua vikosi, nilijua ndege zipi zilitua ziwa lipi, lakini kama babu alilima, alivua au alichunga, sikujua. Mama nilikaa naye miaka yote ile na sikuwahi kumuuliza.

"Sijue, Papa," nikasema.

Nikainua macho, nikamwona Nadine katikati ya wasichana waliokuwa wakijikaza wasicheke, amefunika uso kwa mikono miwili, shingo imemwinama, anaona aibu kama vile aliyesimama pale mbele ni yeye. Jamani, nilitaka kulia. Tangu nimzike mama, ndiyo mara ya kwanza nilikuwa na mtu.

"Bon," Mzee akasema. "Tuendelee."

Tulioana. Yule mzee wa Ulaya nilimwandikia ukweli wote, hakunijibu tena, na jioni nyingine bado namkumbuka. Nami nimeapa, marehemu sitampa tena kazi asiyoiomba. Picha ipo ukutani. Mwanangu akiuliza, nitamwambia huyu ni baba yake bibi yako, siku moja aliazima koti akapiga picha, na zaidi ya hapo sijui.