Mkwe Wangu na Hoteli ya Vioo

Baba yangu alikuwa na maksai mmoja mwekundu, pembe moja imepinda kuelekea sikioni, na siku moja maksai huyo alikataa kunywa maji. Hakuwa mgonjwa. Kiu alikuwa nayo, ulimi ulikuwa nje. Lakini lambo lilikuwa jipya, maji yametulia kama mafuta, na kila alipoinamisha kichwa alimwona maksai mwingine mwekundu anamtazama kutoka chini. Basi anarudi nyuma, anafoka kwa pua. Sisi tuliokuwa tunachunga tulimpiga fimbo, tukamvuta mkia, tukamtukana matusi ambayo siyaandiki hapa kwa sababu wajukuu watasoma. Akabaki amesimama tu.

Baba akaja. Akavua makatambuga yake, akaingia majini, akayavuruga kwa miguu mpaka yakawa tope. Maksai akanywa mpaka tumbo likawa ngoma.

"Mlikuwa mnampigia nini?" baba akasema. "Huyo ana haya kuliko ninyi."

Maksai huyo ndiye tuliyekuja kumpeleka mnadani Shinyanga, baba na mimi, kwa miguu. Sasa nikianza habari za mnada ule, vumbi lake na wezi wake, sitamaliza, na sicho nilichokaa kuandika. Nilichotaka kusema ni kwamba tulipofika mjini tulipita mbele ya hoteli moja karibu na stesheni ya treni. Kwa hoteli nina maana ya nyumba ya kula, siyo ya kulala. Mlango ulikuwa wazi. Ndani nikaona watu wamevaa kanzu nyeupe na mikanda myekundu, wanatembea bila kutoa sauti, na nyuma yao watu wengine kama wao, na nyuma yao wengine tena. Nikadhani ile nyumba haina mwisho, inakwenda mpaka Mwanza.

Baba alisimama, kamba ya maksai mkononi, akavua kofia. Mtu ambaye hata mbele ya karani wa mkoloni hakuwahi kuvua kofia.

"Baba, kuna nini mle?"

"Wanakula," akasema, polepole, kama anavyosema mtu kanisani.

Hatukuingia. Nani angeingia na maksai? Lakini tangu siku ile nilikuwa na nyumba ile kichwani. Watu waliiita Vioo tu. Jina la kweli liliandikwa juu ya mlango, ila mimi shule niliiacha mapema, na sijui kama kuna mtu aliyelisoma. Ukisema "nimekula Vioo", hata mtu wa Geita ndani huko machimboni alikuwa anakuangalia mara mbili. Leo haipo. Mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu picha ya jengo lililokaa pale pale, ghorofa la buluu, wanauza simu hizo hizo. "Babu, ndiyo pale," akasema. Nikamwambia hapana, pale hapawezi kuwa pale. Akacheka.

Sasa ngoja niwaeleze jambo la mkwe, maana bila hilo hamtaelewa.

Kwetu Usukumani mama mkwe ni moto. Humpi mkono, humtazami usoni, mkikutana njiani unaacha njia unaingia kwenye mtama apite. Kiti alichokalia hukikalii, hata akiwa hayupo. Na chakula ndiyo kabisa: yeye hali ukiwa unamwona, nawe huli akiwa anakuona. Siyo chuki. Ni heshima, na heshima ikizidi inafanana na woga. Vijana wa sasa wanapiga picha wamekumbatiana na wakwe zao wakilishana keki. Mimi nageuza uso.

Nilikuwa nachimba Bugarama wakati huo, kabla ya mashine kubwa, tukishuka kwenye maduara, yaani mashimo yetu wenyewe, kwa kamba na tochi. Mke wangu alikuwa kijijini Nyahanga, amejifungua, mtoto bado hajatolewa nje. Ndipo mama yake akaugua. Kifua, na kukonda mpaka bangili zinamvuka. Mtu wa kumpeleka hospitali ya mkoa, Shinyanga, alikuwa shemeji yangu, lakini shemeji alisikia dhahabu imetoka upande wa Geita, akakimbilia huko na wenzake, asionekane tena. Nikabaki mimi. Mke wangu aliniambia akiwa amempakata mtoto, "Baba watoto, mama yangu ni mmoja. Nenda naye, urudi naye."

Nikaenda naye. Ndani ya basi yeye mbele, mimi nyuma kabisa kwenye magunia. Alikuwa na kuku kwenye tenga, zawadi ya daktari. Na kwa kuwa mkwe hasemi nawe uso kwa uso, ikawa tunasemeshana kupitia kwa kuku.

"Kuku," anasema kwa Kisukuma, akimtazama ndege, na baba ni mimi, "mwambie baba tumefika."

"Kuku, mwambie mama asishuke kwanza, gari halijasimama."

Abiria walikuwa wanageuza vichwa. Kondakta akaniuliza kama kuku naye nimemkatia tiketi, maana anaongea kuliko abiria wote.

Usiku tulilala kwa ndugu wa mbali mwenye chumba kimoja. Mimi baraza, yeye ndani, ila mlango haukuwa na pazia. Ugali ukaletwa. Kuku akaambiwa kwamba mama ameshiba. Ameshiba nini? Tangu tuondoke kijijini hakutia kitu mdomoni.

Kesho yake daktari alimpima, zawadi ya kuku akaikataa, akanivuta pembeni na dawa mkononi. "Dawa hizi ni kali," akasema. "Ameze leo, na ameze akiwa amekula, amekula kweli. Tumbo tupu zitamwangusha. Asipomeza kabisa, mwili ule hauna siku nyingi."

Basi nikaanza kutafuta mahali pa kumlisha mkwe wangu. Vibanda vya mama ntilie pale hospitali vilikuwa na benchi moja, magoti yanagusana. Alitazama, akajifunika kanga. Nikasema nitasimama nje. Nje yenyewe ilikuwa hatua moja, na vibanda havina kuta. Tukaenda kingine, na kingine. Jua linapanda, naye anatembea ameshika ukuta. Kumwacha mwenyewe sikuweza. Kiswahili hakukijua hata cha kuombea maji, na dawa zile zilihitaji maelezo. Niliogopa, nasema ukweli. Nilikuwa naisikia sauti ya mke wangu, urudi naye.

Hapo ndipo nikakumbuka Vioo. Nikawaza kwa akili yangu yote niliyokuwa nayo: ile ni nyumba kubwa. Nitamweka pembe ile, mimi nitakaa pembe hii, nampa mgongo, ananipa mgongo. Tumemaliza.

Tukaingia.

Mimi nimeshuka duara nikaona mwamba unang'aa kwa dhahabu mbele ya tochi, na moyo haukunipiga kama siku ile. Sakafu nyeusi na nyeupe kama ubao wa drafti, inateleza, nikavua viatu bila kuambiwa. Mapangaboi juu yanazunguka taratibu kama tai. Meza za mawe meupe, juu ya kila moja kitambaa kilichopigwa pasi, na juu ya kitambaa, jamani, bakuli la sukari. Enzi ile ya foleni, sukari tunapimiwa kwa kijiko, pale imekaa wazi kilima kizima na hakuna anayeilinda. Harufu ya pilau ikaniingia mpaka kwenye magoti. Hata mkwe wangu alisimama. Nikamsikia anasema chini kwa chini, "Kuku, angalia."

Nikamwonyesha kuku meza ya pembeni. Mkwe akakaa. Mimi nikavuka ukumbi mpaka pembe nyingine, nikakaa nimeelekea ukutani, nimempa mgongo sawasawa kama nilivyopanga. Nikainua macho.

Ukuta ule ulikuwa kioo. Na ndani ya kioo mkwe wangu ananitazama.

Nikageuza uso kushoto: yupo. Kulia: yupo, kwa ubavu. Kioo kilikuwa kinatazamana na kioo, basi nyuma ya mkwe kuna mkwe, na nyuma yake mwingine, mdogo mdogo, safu inakwenda mpaka macho yanaishia, na katikati ya kila wawili nipo mimi pekupeku. Mwanamume anaogopa mkwe mmoja. Mimi nilikalishwa na ukoo mzima. Hapo ndipo nilipojua baba alivua kofia kwa sababu gani, na yule maksai alikataa maji kwa sababu gani.

Naye ameniona. Kanga ikapanda kichwani, akasimama, kuku akapiga kelele ukumbi mzima ukageuka.

"Kuku!" akasema. "Muulize baba, kwa nini ametuleta kwenye nyumba yenye baba wengi hivi?"

Mhudumu wa kanzu akaja mbio. Mtu wa pwani, maneno laini. "Vipi kaka, mama hakuipenda meza?"

"Meza nzuri. Ni mkwe wangu."

"Ala! Hongera. Niwawekee meza moja basi?"

Mfanyabiashara mmoja wa pamba, tumbo limekaa mezani pamoja na sahani, alicheka mpaka akakohoa wali. "Meza moja! Bwana weye utaua watu. Huyo ni mkwe, hali akionwa!"

"Kwetu mkwe ni mama tu," mhudumu akasema. "Sinia moja."

"Kwenu ni kwenu. Funika vioo!"

Na hilo nitalisimulia mpaka nife: walifunika. Mhudumu alivua kitambaa cha meza akakitundika, mwenzake akaleta kingine, na yule wa pamba akainuka na tumbo lake akashika ncha. Watu wa heshima zao, kwa ajili ya kikongwe mwenye kuku. Lakini walipofunika hapa, kioo cha pale kikamleta. Walipofunika pale, birika la shaba likamleta, amepinda. Nyumba ile haikuwa na mahali pa kutoonekana. Na mkwe wangu amesimama, ameshika kiti.

Kwenye meza ndefu ya malipo palikuwa na bibi mzee wa Kihindi, mama wa mwenye hoteli, kiti chake kimeinuliwa kama cha hakimu. Tulidhani amesinzia. Akashuka. Akaja na fimbo yake mpaka kwa mkwe wangu, akainama kidogo, na akamwamkia, "Mwadila, mayu," Kisukuma safi, cha kijijini, cha watu wa ng'ombe. Alizaliwa dukani huko vijijini, nilikuja kujua, akalelewa pamoja na watoto wetu. Mkwe wangu akashusha kanga. Akaitikia. Wakaulizana mvua, wakaulizana watoto, kama wamekutana kisimani.

Kisha bibi akanigeukia. "Kijana, vioo vya nyumba hii ni vingi, hatutavimaliza. Cha kufunika ni wewe. Nipe dawa, niambie zinamezwaje, halafu toka."

Nikampa. Nikamwambia alivyosema daktari, akarudia neno kwa neno. Nikabeba viatu vyangu, nikatembea juu ya drafti ile nikitazama vidole vyangu vya miguu, nikatoka. Chakula chenyewe sikuwa hata nimekiagiza.

Nilisimama ng'ambo ya barabara, kwa fundi viatu, mahali pale pale aliposimama baba na kamba yake. Mlango walikuwa wameuegesha. Nilikaa hapo mpaka fundi akaniuliza kama nina kiatu cha kushona au nimekuja kumhesabia misumari.

Mwishowe mhudumu akatoka, anatabasamu, tenga mkononi tupu.

"Amekula! Wali umeisha, ameongezewa. Dawa amemeza mbele ya bibi. Kuku kampa bibi, kasema huyu ndiye daktari. Sasa wanakunywa chai, sukari anatia kwa kiganja." Akanipa tenga. "Ingia basi nawe ule, kaka. Mama tutamtoa kwa mlango wa nyuma, gari la bibi limpeleke stendi akusubiri huko. Kiti chako kipo."

Mate yalinijaa, sikatai. Tangu utoto nilikuwa nakitamani kiti kile.

"Yeye alikaa wapi?" nikamuuliza.

Akacheka. "Uliza asipokaa! Alikuwa anatafuta kiti ambacho hajioni mwenyewe anakula. Kaanza pale, kahamia dirishani, kazunguka ukumbi wote. Hakuna kiti ambacho hajakalia."

Nikaangalia mlango ule. Ndani yake vitambaa vyeupe vilikuwa bado vimening'inia ukutani, na pangaboi linavipepea.

"Mwambie bibi wabeja, ndiyo asante ya kwetu," nikasema. "Mwambie mama nipo stendi."

Nikavaa viatu, nikatundika tenga begani, nikaenda zangu. Sikuingia tena mle.